Simenti ngumu, tofali laini: shemine za Bukavu zinakufa kwa nini

Panda juu ya paa la nyumba ya zamani pale Muhumba au Nyalukemba, mitaa ya Bukavu, Kongo, kando ya Ziwa Kivu, usogelee shemine (bomba la matofali la kutolea moshi), uikague kwa karibu kama mama anavyokagua meno ya mtoto. Utakuta moja kati ya hali mbili. Huenda viungo, yaani ule mchanganyiko unaoshika tofali na tofali, vimeliwa, matofali yametokeza, na katikati yake kuna mifereji inayoingia kidole. Au viungo viko imara, vigumu, vya kijivu, lakini matofali yenyewe ndiyo yameliwa. Kila moja limebaki kishimo, na ukuta mzima unafanana na sega la nyuki lililokwisha kamuliwa. Hali ya kwanza ni ugonjwa wa uzee. Ya pili ni ugonjwa wa fundi.

Sisemi hivyo kumsengenya mtu, maana hiyo ya pili niliisimamia mimi mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya mzee mmoja wa familia yetu, ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa enzi mji huu ukiitwa Costermansville. Viungo vya shemine vilikuwa vimechoka: ukipitisha ufunguo, mchanga unamwagika kama unga wa muhogo. Fundi niliyepanda naye akaniambia, "Mama, tuweke simenti mingi. Simenti njo nguvu." Nikaitikia. Tukachanganya ndoo moja ya simenti kwa ndoo tatu za mchanga, tukashindilia, tukalainisha, tukashuka tumeridhika. Msimu wa kwanza wa mvua ulipita salama. Wa pili, vipande vyekundu vyembamba vikaanza kudondoka juu ya bati usiku, na pale vilipobanduka tofali lilikuwa unga mtupu. Simenti yetu haikuwa na hata ufa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza, nikisoma na kuchokonoa viungo vya watu. Makala hii (ile ya kusoma, si makala ya kupikia, yaani makaa) ndiyo niliyotamani mtu anipe kabla sijapanda ngazi.

Maji lazima yatokee mahali

Tofali la kuchoma la huku si tofali la kiwandani. Linachomwa kwa kuni, katika tanuru lililopangwa kwa matofali yenyewe. Yaliyokaa karibu na moto huiva hadi yakigongwa yanalia kama kengele. Ya pembeni hutoka nusu mbichi, na ukiyagonga yanajibu kwa mshindo mfu. Shemine moja huwa na ya aina zote mbili. Tofali la namna hiyo hunywa maji, na katika mji unaonyeshewa tangu Septemba hadi Mei, hunywa sana. Hilo si kosa. Kosa ni kulinywesha halafu ukalizuia kutema.

Kiungo cha chokaa kina vitundu vingi vidogo. Mvua ikikatika, maji yaliyoingia kwenye tofali husafiri hadi kwenye kiungo na kutokea pale yakiwa mvuke. Kila safari yanabeba chumvichumvi, na zile chumvi hukauka na kuwa fuwele, punje ndogo ngumu, ndani ya kiungo. Fuwele inapokua husukuma. Kwa hiyo kiungo ndicho kinachomong'onyoka, miaka nenda miaka rudi, na tofali linapona. Waashi wa zamani walikubali hasara hiyo kwa makusudi: kiungo ni kafara. Kikiisha unakichokoa na kuweka kingine, na tofali linabaki lilelile.

Ukiweka simenti nzito mahali pa chokaa, njia hiyo imefungwa. Maji hayawezi kupita kwenye kiungo, basi yanatokea usoni mwa tofali, na fuwele zinakua palepale, milimita chache chini ya ngozi yake. Ngozi inabanduka. Ongeza na jua: saa saba mchana shemine imechemka, saa nane mvua imeipiga. Tofali linatanuka na kusinyaa, na kiungo kigumu hakimpi jirani yake nafasi hata kidogo. Wa laini ndiye anayevunjika. Hapo ndipo lile sega la nyuki linapotoka.

Kanuni, basi, ni moja, na inakwenda kinyume na kila kitu tunachoambiwa dukani: mchanganyiko wa kiungo unapaswa kuwa dhaifu kuliko tofali. Simenti ya Portland, ile ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliichukulia hataza mwaka 1824, ni kitu kizuri sana kwa zege. Lakini watu walijenga kwa matofali na chokaa kwa maelfu ya miaka kabla yake.

Ushauri wa baharini na hali ya ziwani

Nilipoanza kutafuta maelezo, karibu yote yalihusu nyumba za pwani, na nikayameza bila kutafuna. Binamu yangu aliye Tanga naye akanitumia orodha ndefu: osha shemine kwa maji baridi kila mwaka, usitumie mchanga wa ufukweni, tafuta simenti inayostahimili salfeti (chumvi za salfa). Nikajiambia, sisi nasi tuko kando ya maji, basi ni mamoja. Si mamoja.

Pwani, adui ni chumvi ya bahari. Mawimbi yakipasuka, upepo huokota matone madogo na kuyapeleka nchi kavu, nayo hutua kwenye kuta. Chumvi ya kawaida ina tabia moja: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huvuta maji ya hewani na kuyeyuka, ukishuka chini ya hapo hukauka na kurudi kuwa fuwele. Ndiyo maana watu wa Mombasa hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Sasa fikiria unyevu wa pwani unavyopanda usiku na kushuka mchana, ukivuka mstari huo kila siku. Chumvi iliyo ndani ya kiungo inayeyuka na kuganda, inayeyuka na kuganda, hata bila tone la mvua. Kiungo kinasagwa kutoka ndani. Ndiyo sababu binamu yangu yuko sahihi kuosha na kukataa mchanga wa ufukweni, huko kwake.

Ziwa Kivu lina gramu moja hivi ya chumvichumvi kwa kila lita ya maji ya juu, na nyingi ni za jamii ya magadi. Bahari ina gramu 35 hivi, na nyingi ni chumvi ile ya kula. Tuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ule unga mweupe unaouona kwenye shemine yako haukutoka ziwani. Umetoka ndani ya matofali, ndani ya simenti, au umeteremka na moshi.

Ushauri wa Ulaya nao una adui ambaye sisi hatuna: barafu. Huko maji yanaganda ndani ya kiungo wakati wa baridi na kukipasua. Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, tunavaa sweta, lakini maji hayagandi. Futa kurasa zote zinazohusu barafu.

Kitu kimoja cha pwani kinatufaa sana, nacho ni chokaa. Waswahili wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakajengea nyumba zinazosimama hadi leo. Na wanaotunza Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, wanapambana na kosa lilelile nililolifanya mimi: simenti iliyopakwa juu ya ukuta wa chokaa inafungia unyevu ndani. Wao huita shemine dohani, ingawa kwa joto la kule sijui nani anaihitaji.

Moshi, mlima na tetemeko

Moshi wenyewe pia unakula kiungo. Katika miji ya Uingereza iliyochoma makaa ya mawe, salfa ya moshi iligeuka salfeti, salfeti ikakutana na simenti na maji, na mchanganyiko ukavimba. Upande unaolowa zaidi ulivimba zaidi, na shemine ikainama kama mzee anayetegea upepo kisogo. Sisi tunachoma kuni, hasa mikaratusi, ambayo salfa yake ni kidogo. Tatizo letu ni kuni mbichi na moto wa uvivu. Kuni zikiungua hutoa mvuke, hata zikiwa kavu. Moto ukiwa mdogo, moshi unapoa kabla haujafika juu, na mvuke hugeuka maji ndani ya shemine, yakiwa yamechanganyika na asidi na lami nyeusi. Maji hayo machungu hushuka kwenye viungo kutoka ndani, mahali usipopaona. Doa la rangi ya chai kwenye ukuta wa sebule, karibu na dari, ndiyo barua yake.

Ndugu zetu wa Goma wana lao. Nyiragongo, ule mlima wa moto, anapotoa gesi, salfa yake huingia kwenye mvua, na mabati yanaisha mapema. Anayetengeneza shemine upande ule wa ziwa aongeze jambo hilo kwenye hesabu zake.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda. Shemine ni kidole kilichosimama peke yake juu ya paa. Nyumba ikitikisika, kidole kinachezeshwa kuliko mkono. Inapokatika, mara nyingi hukatika pale inapotokea kwenye bati. Chokaa huvumilia mitikisiko midogo vizuri kuliko simenti, lakini nisimdanganye mtu: kubadilisha viungo hakuifanyi shemine iwe salama kwa tetemeko. Kama yako ni ndefu na nyembamba, na umekwisha kuona ufa wa mlalo ulioizunguka pande zote, iteremshe hadi kwenye bati, uijenge upya ikiwa fupi. Fanya hivyo pia timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) ikionyesha imeinama waziwazi, au kama unaweza kutoa matofali kwa mkono.

Na kabla hujapanda juu, ingia kwanza darini na tochi. Viungo vilivyotoboka pale shemine inapopita kwenye mbao ni hatari kuliko vyote vya nje, kwa cheche na kwa gesi. Nyumba nyingi hapa zimeacha kuwasha kuni, badala yake watu huweka mbabula (jiko) ya makala ndani ya shemine ya sebuleni, wakiamini kwamba shemine ni shemine. Kama imezibwa na viota vya ndege, au imepasuka ndani ya dari, gesi ya kaboni monoksidi inabaki chumbani. Haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala. Hilo halingojei msimu wa kiangazi.

Kazi yenyewe

Anza mwanzoni mwa Juni. Chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na huenda pole pole, milimita chache kwa mwezi. Ukianza Agosti, mvua ya Septemba itakikuta kiungo bado ni uji.

Anza juu. Watu hujaza viungo vizuri halafu wanaacha kofia ya shemine ina nyufa, maji yanaingia kutoka utosini. Kofia iwe ya zege, iteremke kidogo pande zote, itokeze sentimita tano kupita matofali, na chini ya ukingo wake kuwe na mfereji mdogo wa kukata tone ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Hapo simenti ina haki yake. Ukimaliza kofia, angalia kola ya bati pale shemine inapokutana na paa. Ukingo wake wa juu unatakiwa uingie ndani ya kiungo, si kubandikwa kwa lami tu.

Halafu viungo. Tumia nyundo ndogo na tindo nyembamba. Mashine ya kukatia ina haraka, lakini kwenye viungo vya wima inakata tofali la juu na la chini, na jeraha hilo halifutiki. Chimba kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa kiungo. Kiungo cha sentimita moja kichimbwe sentimita mbili hadi mbili na nusu. Ndani kiishe mraba, si kama mtaro wa maji. Fagia vumbi lote. Kisha lowesha, ungoje, lowesha tena. Tofali liwe na unyevu bila kung'aa: likiwa kavu litanyonya maji ya mchanganyiko, na kiungo kitabaki mchanga tu.

Mchanganyiko ninaotumia sasa ni ndoo moja ya simenti, mbili za chokaa, tisa za mchanga. Kwa mistari michache ya juu kabisa, inayopigwa na mvua kuliko mingine, moja, moja, sita. Kuna wahifadhi wa majengo ambao hawataki kusikia simenti hata kijiko, na kwa ukuta wa ndani nawaunga mkono. Lakini juu ya paa la Bukavu, ambako wingu linaweza kukuvamia hata Julai, hiyo simenti kidogo inakusaidia kiungo kishike kabla hakijaoshwa. Katika zile tisa za mchanga, mimi natoa moja na kuweka unga wa matofali: yale yaliyochomwa kidogo, yakasagwa na kuchekechwa hadi yakawa kama unga wa ugali. Warumi walifanya hivyo. Udongo uliochomwa ukikutana na chokaa hushikana nayo hata penye unyevu, na unatoa rangi inayokaribiana na ukuta.

Mchanga uwe wa punje kali, mchanganyiko wa kubwa na ndogo. Tia kiasi kwenye chupa, jaza maji, tikisa, iache usiku. Asubuhi ukikuta tabaka nene la tope juu ya mchanga, rudisha au uoshe.

Chokaa ndiyo yenye mtego. Mifuko inayouzwa ya kupakia kuta au ya shambani, mingine ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa, na halitashika chochote. Kamulia ndimu juu ya kijiko cha unga mkavu. Ukitoa povu kwa nguvu, hilo ni jiwe, au ni chokaa iliyokaa dukani hadi ikalala. Chokaa nzuri iliyozimwa kwa maji inatulia, povu ni kidogo au hakuna. Nimewahi kumfanyia muuzaji jaribio hilo juu ya meza yake, hakufurahi, ila alinitafutia mfuko mwingine. Chokaa huunguza macho na ngozi. Vaa miwani na glavu, na maji safi yawe karibu.

Changanya vikavu kwanza, tia maji kidogo tu hadi ushike donge lisilolowesha kiganja, acha saa moja, kisha ongeza maji yaliyobaki. Kiwe kikavu kuliko ulivyozoea. Shindilia kwa tabaka za milimita sita hivi, moja baada ya nyingine, kila moja ikianza kukaza ndipo ijayo. Hapa ndipo fundi wa kulipwa kwa kazi nzima anapokasirika, kwa hiyo mlipe kwa siku. Kiungo kikifika hali ya kwamba kidole gumba kinaacha alama lakini hakibebi kitu, kilainishe kikae ndani kidogo ya uso wa tofali, usikipake kikatambaa juu ya kingo. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku tatu nzima.

Mtu atakuja kukuuzia dawa ya kupaka ili shemine "isiingize maji kabisa". Zile zinazotengeneza ngozi ya plastiki zinarudia kosa la simenti kwa njia nyingine: zinafungia ndani kile kilichokwisha kuingia.

Ile shemine ya mzee wetu niliirudia kiangazi kilichopita. Upande wa ziwa tulichokoa simenti yangu yote, matofali kumi na moja yakavunjika, tukaweka mengine tuliyoyaokota kwenye ukuta uliobomolewa jirani. Upande wa barabara tulijaribu viungo vitatu tu. Kila tindo ilipoingia, ukingo wa tofali ulitoka nayo. Fundi, yuleyule wa kwanza, akaweka nyundo chini akasema, "Mama, hii tuiache." Tumeiacha. Simenti iko pale, ngumu vilevile, na kila baada ya mvua kubwa nafagia unga mwekundu kwenye bati.